Karatasi za Jumamosi

Mtaani kwetu mdogo wangu anaitwa Komeo. Hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alilinda mlango wa klabu ya muziki kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo hakumkunja mtu shati wala kumpiga kibao. Mabaunsa wenzake walitumia kifua, yeye alitumia sauti. Ana sauti laini, ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, na kwa sauti hiyo aliweza kumrudisha mtu nyumbani na mtu huyo akaondoka akimshukuru.

Kipaji hicho najua kilikotoka. Mama yetu hakupenda wageni. Mtu akibisha hodi mchana, mama alijitupa kitandani na viatu vyake, na mdogo wangu, wakati huo ana miaka saba, ndiye aliyetumwa mlangoni. "Mama amelala," anasema, kichwa kakiinamisha upande. "Kinamuuma kichwa tangu asubuhi. Nikamwamshe?" Nani atasema nenda kamwamshe? Wageni waliondoka wakinyata. Mimi nilijaribu mara moja nikaangua kicheko, na mama alinifinya finyo ambalo nikilikumbuka hadi leo najishika mkono. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alimfundisha mdogo wangu kusema uongo mlangoni, jibu ninalo, ila marehemu hasemwi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilihamia kwake mkewe alipofariki, akamwacha na binti wa miaka kumi. Binti huyo tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alikuwa anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na usiku ukisikiliza vizuri anaongea usingizini. Baba yake wakati huo alikuwa anapakua saruji kwenye ghala, na mgongo ulikuwa umeanza kumwambia basi. Kazi ya klabu ilipopatikana tulishangilia wote watatu. Nikamshonea koti jeusi, refu, lenye mifuko ya ndani, na alipolivaa Chiriku akamzunguka mara tatu, akasema, "Baba, unafanana na mtu mwenye gari."

Klabu ilikuwa ya wazungu. Haikuandikwa hivyo mahali popote. Ukutani paliandikwa tu kiingilio ni shilingi ngapi na kwamba kandambili haziruhusiwi. Lakini mzungu aliingia na kandambili zake, na mtu mweusi aliyevaa suti na tai aliambiwa leo ni sherehe ya walioalikwa tu. Weusi wachache waliingia: mchezaji mpira, mwanamuziki, msichana aliyeshikwa kiuno na mzungu. Meneja alikuwa na neno lake kuhusu hao. "Tia kidogo tu," alimwambia Komeo, "kama chumvi." Na meneja mwenyewe ni mweusi tii kama mimi.

Ili mambo yaende bila kelele, palikuwa na orodha. Ilikuwa karatasi nzito, laini, ya rangi ya maziwa, juu ina nembo ya klabu na maneno ORODHA YA WALIOALIKWA, na chini ya maneno hayo mhuri wa tarehe. Ilibanwa ndani ya jalada la ngozi. Mtu asiyetakiwa akifika, Komeo alimwomba jina, akafungua jalada akiwa amelielekeza kifuani kwake, akashusha kidole polepole kutoka juu mpaka chini. Meneja alimpa hata kipimo: atafute jina kwa muda unaotosha kumenya chungwa, mtu aone kweli ametafutiwa. Halafu aseme, "Samahani sana, ndugu yangu. Halimo." Akitokea mbishi, amwonyeshe kichwa cha karatasi, nembo na tarehe ya siku hiyo, huku kiganja kimefunika kulikobaki.

Kulikobaki hakukuwa na kitu. Karatasi ilikuwa tupu.

Kila Jumamosi ilitolewa mpya, maana ile ya wiki iliyopita ilikuwa imeshika jasho la kidole, na meneja hakutaka orodha ya wakubwa iwe na michirizi. Ya zamani ikawa ya kutupwa. Sasa mimi na mdogo wangu tumelelewa kwenye nyumba ambayo hata kamba ya mfuko wa sukari ilihifadhiwa. Atupe karatasi nzuri namna ile? Alizileta nyumbani. Baadaye akawa anaomba na zile za akiba zilizogongwa mhuri na hazikutumika. Chiriku alifanyia hesabu, akaandikia insha, akachorea moyo wa binadamu na mishipa yake yote. Akishamaliza nazo zinakuja kwangu, nazikata umbo la kola, la mkono, la kifua cha gauni, ndizo za kukatia vitambaa. Gauni la harusi lilihitaji sita zilizobandikwa kwa uji wa unga.

Najua swali mnaloniandalia. Je, hukuuliza kwa nini orodha za waalikwa zinarudi nyumbani hazina mwalikwa hata mmoja? Sikuuliza. Nilijua kiasi, na kile kiasi nisichokijua nilikizungukia mbali, kama mtu anavyozungukia mbwa aliyelala. Karatasi zilikuwa nzuri, hazichaniki. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Chiriku alikua, akasoma, akamaliza chuo cha maabara. Siku matokeo yalipotoka alirudi nyumbani anapiga kelele tangu kona ya barabara. Wenzake watano wa darasani wakaamua Jumamosi ile waende kucheza muziki, na aliyechagua mahali alichagua klabu ya Komeo, bila kujua kwamba Chiriku ana mtu pale. Chiriku hakuwaambia. Aliniambia mimi, nikiwa nampima gauni jipya, sindano mdomoni.

"Shangazi, nitawafanyia kitu. Tukifika tu mlangoni, nitawaambia: jamani, huyu ndiye baba yangu."

"Umemwambia mwenyewe kwamba mnakwenda?"

"Nikimwambia itanoga tena?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Huo ndio utetezi wangu. Ningeweza kuzitoa, zilikuwa nne tu.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapishani. Meneja alikuwa amesimama bega kwa bega na Komeo, anawakaribisha wazungu wawili. Vijana sita weusi wakakaribia, wamependeza, wanacheka. Komeo alimwona binti yake akiwa hatua kumi, anamjia na tabasamu lote. Meneja akanong'ona, "Sita! Hapana." Na mdomo wa mdogo wangu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja.

"Samahani sana, mwanangu. Leo ni walioalikwa tu. Jina lako nani?"

Alimwuliza binti yake jina. Na binti akalitaja, jina lake kamili, la kwake na la baba yake na la babu yake, huku anamtazama machoni. Komeo akafungua jalada, akashusha kidole. Chiriku ni mrefu, amechukua kwa mama yake, na siku hiyo alivaa viatu vya kisigino. Alitazama juu ya ukingo wa ngozi akaiona karatasi. Hakuwa na haja ya kuisoma. Alikuwa ameandika juu ya mamia ya zile karatasi tangu ana miaka kumi na mmoja, akidhani baba yake anamletea mabaki ya ofisini.

"Halimo," alisema baba yake.

"Asante, mzee," alisema Chiriku, akageuka na wenzake.

Kuna nyumba watoto humwita baba yao mzee, na hakuna ubaya. Kwetu haikuwa hivyo. Kwetu mzee ni mtu wa njiani, unayemwuliza duka la dawa liko wapi. Na kuanzia asubuhi ya pili yake hilo ndilo jina alilokuwa nalo mdogo wangu ndani ya nyumba yake. "Shikamoo, mzee." "Chakula tayari, mzee." Heshima kamili, hakuna pa kumshika. Baada ya maneno hayo, kimya. Chiriku, aliyekuwa anaongea usingizini, akanyamaza hata usingizini. Najua, kwa sababu nililala chumba kimoja naye na nilikesha nikisikiliza.

Hao wenzake hawakuwa watu wa kurudi nyumbani kulia. Mmoja alisimama ng'ambo ya barabara na simu yake dakika arobaini akapiga picha za video. Waliingia wazungu kumi na nane, hakuna aliyeulizwa jina, na mmoja wao alikuwa pekupeku, viatu kavibeba mkononi. Wakaandika malalamiko kwa bodi inayotoa leseni za klabu. Wote sita walitia sahihi. Chiriku alitia ya mwisho, na hakuwaambia yule mlinzi ni nani kwake. Kikao kikapangwa Jumanne, baada ya wiki tatu.

Wiki tatu zile sitaki zinirudie. Komeo hakukaa chini. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda dirishani, akifika dirishani amesahau alichofuata. Alifungua vitasa vyote vya nyumba, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akavirudisha, kesho yake akavifungua tena. Kitasa cha choo kikabaki na skrubu moja ya ziada ambayo mpaka leo hatujui ni ya wapi. Jumamosi alikwenda kazini kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilishona suruali ya mteja miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Mteja alinitazama, nikamtazama, nikamwambia aniachie hadi Ijumaa.

"Mwite, ongea naye," nilimwambia mdogo wangu.

"Nimwambie nini, dada?"

"Ukweli."

"Anaujua ukweli. Ndiyo maana hasemi."

Basi nikamwendea binti. Nilimkuta anafua, anakamua shati kama linamdai.

"Zile karatasi ninazo," nilisema. "Chini ya mto wa kiti changu cha cherehani. Zina nembo, zina tarehe, miaka na miaka. Peleka hizo kwenye kikao, wakili wao atafute pa kuficha uso."

"Watauliza nimezitoa wapi."

"Utawaambia."

"Niwaambie nini, shangazi? Kwamba ndizo zilizotulisha? Kwamba nimesomea juu yake?" Akaitupa nguo kwenye beseni. "Mimi nimeishtaki klabu. Sitakwenda pale kumwuza yule."

"Yule ni nani?"

Akavuta nguo nyingine, akaanza kuikamua. Nikaona bora ninyamaze kabla sijachapa mtu mzima mwenye cheti cha maabara.

Siku mbili kabla ya kikao, meneja alikuja nyumbani. Alikuja mchana, amevaa miwani myeusi, akaisifu nyumba yetu kwa namna ambayo mtu huisifu nyumba asiyotaka kukaa ndani yake. Chiriku hakuwapo. Meneja hakujua kwamba yumo katika maisha yetu. Kwenye malalamiko yalikuwa majina sita, na kule klabuni hakuna aliyewahi kuhangaika kujua jina la Komeo. Alifungua bahasha, akatoa karatasi ya rangi ya maziwa yenye nembo na tarehe ya Jumamosi ile. Safari hii ilikuwa na majina themanini na tatu, yamechapwa vizuri kwa mashine.

"Utasema hii ndiyo uliyokuwa nayo," alimwambia mdogo wangu. "Ulitafuta majina yao, hayakuwamo. Basi, dakika mbili. Tena ukisema wewe, mambo yamekwisha. Mtu mweusi mlangoni, nani atasema tunabagua weusi? Unadhani bosi alikuweka pale kwa sababu ya urefu?"

Mdogo wangu miaka kumi na mmoja alidhani aliwekwa pale kwa sababu ya sauti yake.

"Na wewe," nikamwuliza meneja, kwa sababu ulimi wangu hauna mlinzi, "siku ambayo si ya kazi, ukaenda na mkeo, wanakuingiza?"

"Mama, haya ni mambo ya ofisi."

"Nimekuuliza swali la nyumbani."

Aliirekebisha miwani. Akamwambia Komeo kwamba akisema vibaya klabu itafungwa na watu arobaini watakosa kazi, wapishi, wafagiaji, mama mwosha vyombo mwenye watoto wanne, wote weusi, na itakuwa juu ya kichwa chake. Hilo lilimwingia mdogo wangu, niliona. Lilinichoma hata mimi, maana halikuwa uongo. Akaiacha karatasi mezani, akaondoka. Chai niliyompikia hakuigusa, nikainywa mimi kwa hasira.

Alfajiri ya Jumanne nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, sishoni, nimekaa tu na mguu unakanyaga pedali peke yake. Komeo akatoka chumbani, koti jeusi amelivaa.

"Dada, zile karatasi bado unazo?"

"Nimezikalia," nikasema. Nikainuka, nikatoa mto, nikamkabidhi furushi. Kiti kilishuka karibu kiganja kizima, na tangu siku hiyo sijapata kimo kinachonifaa.

Alizishika bila kuzifungua. "Watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Na watu watajua kwamba miaka yote hiyo..."

"Watajua."

"Hunisaidii hata kidogo."

"Ulitaka nikudanganye? Wa kudanganya humu ndani ni wewe." Nikajuta palepale, nikamshonea kifungo kilichokuwa kinalegea, tukaondoka.

Ukumbi wa bodi ulikuwa chumba cha ghorofa ya pili, kina mabenchi, meza ndefu na feni moja iliyokuwa inazunguka kwa kusuasua. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia kwa mnyororo. Upande mmoja walikaa vijana sita. Upande wa pili wakili wa klabu, meneja, na bosi mwenye klabu, mzungu mwembamba ambaye muda wote alitazama simu yake. Komeo aliitwa kama shahidi wa klabu, akakaa nyuma yao. Mimi nilikaa mlangoni, furushi mapajani, maana alinipa nimshikie.

Chiriku ndiye aliyesemea wenzake. Alieleza vizuri, bila kupanda sauti. Wakili akainuka.

"Aliyewazuia alikuwa mtu wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Mweusi. Aliwatukana?"

"Hapana. Alikuwa na adabu sana."

"Alitafuta jina lako?"

"Alitafuta."

"Unamfahamu mtu huyo?"

Feni ilizunguka. Nilimwona mdogo wangu ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Ndiye aliyekuwa mlangoni," alisema Chiriku.

Wakili akatabasamu, akawapa wajumbe karatasi yenye majina themanini na tatu. Jambo lilikuwa jepesi, alisema. Sherehe ilikuwa ya faragha, vijana hawakualikwa, wamekasirika, na hasira ya vijana tunaijua sote. Kisha akamwita Komeo mbele.

"Hii ndiyo orodha uliyoitumia Jumamosi hiyo?"

Mdogo wangu aliitazama kwa muda unaotosha kumenya chungwa.

"Hapana," alisema, kwa sauti ileile laini.

Meneja aliinua kichwa. Bosi aliacha simu.

"Labda hukunisikia," alisema wakili.

"Nimekusikia, mheshimiwa. Niliyoitumia ni hii." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ya Jumamosi ile hakuniletea, na mimi wiki tatu sikugundua. Aliikunjua mezani. Nembo, maneno, tarehe. Chini yake mchirizi mmoja wa jasho, wa kidole, kutoka juu mpaka mwisho. "Haikuwa na jina hata moja. Hazijawahi kuwa na jina. Mtu mweusi akija, namtafuta hapa."

Wakili akasema karatasi moja tupu inaweza kutoka popote, mfanyakazi akiwa na kinyongo chake. Hapo Komeo akanigeukia. Nikainuka na furushi, nikatembea katikati ya mabenchi na ndara zangu zikipiga kelele pah, pah, nikalifungua mbele ya mwenyekiti.

Watu wakacheka. Sikuwalaumu. Zilimwagika kola, mikono ya mashati, vifua vya magauni, mfuko wa kaptula. Mwenyekiti alivaa miwani.

"Hivi ni nini?"

"Ni orodha za waalikwa, mheshimiwa," alisema mdogo wangu. "Dada yangu ni fundi. Tusameheni, zimekatwa. Lakini vichwa vingi vimesalimika."

Mwenyekiti akaanza kuzipitia moja moja. Nembo, tarehe, na chini yake hesabu za kugawanya. Nembo, tarehe, na moyo wa binadamu uliokatwa kwapani. Alizipanga mezani kwa miaka, na kicheko kikafa taratibu kadiri rundo lilivyokua. Kisha akafika kwenye moja iliyokuwa kifua cha blauzi ya mtoto, akaisogeza karibu, akaisoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia.

"'Kazi ya Baba Yangu. Baba yangu ana kazi nzuri. Kazi yake ni kuwafungulia watu mlango. Watu wakija usiku wamechoka yeye huwafungulia na wote hu...' Hapa imekatwa."

Niliikata mimi. Niliona mwandiko nikaona blauzi, ndivyo nilivyo.

"Mwandiko huu ni wa nani?" aliuliza mwenyekiti.

Komeo alianza kuzinyoosha kola mezani kwa kiganja. Angeweza kusema neno moja na jambo lake likawa limethibitika, lakini wale vijana watano hawakuwa wanajua, na yeye hakutaka kumtaja mtu ambaye hakutaka kutajwa. Alikuwa tayari kuonekana mwongo tena.

"Nakuuliza, bwana. Mtoto aliyeandika haya ni nani?"

Kule upande wa vijana benchi lililia.

"Ni mimi," alisema Chiriku. Alikuwa amesimama, na sauti haikuwa tulivu tena. "Ni zangu. Alikuwa ananiletea baba. Yule pale ni baba yangu."

Wenzake watano waligeuka kumtazama, halafu wakamtazama Komeo, halafu wakatazama mikono yao. Mdogo wangu, aliyesimama mlangoni miaka kumi na mmoja bila kuegemea ukuta, alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono kama kipofu, akaketi kwenye kiti cha wakili.

Leseni ilifungiwa miezi sita. Msinipigie makofi. Klabu ikafunguliwa tena kwa jina jingine na rangi mpya ukutani, na nasikia mlangoni yuko kijana mwingine mweusi, naye ana adabu. Mdogo wangu alifukuzwa siku ileile, ngazini, na meneja ambaye miwani ilimponyoka akaikanyaga mwenyewe. Mama mwosha vyombo alikaa bila kazi miezi mitatu. Komeo alikwenda kwake mara mbili kuomba radhi, na mara zote mbili aliambiwa mama amelala.

Lakini nilitaka kusema kuhusu kurudi nyumbani. Tulirudi kwa miguu, jua la saa saba. Chiriku mbele, Komeo nyuma yake hatua ishirini, mimi katikati na furushi tupu, maana karatasi zote bodi ilizichukua. Nilidhani yale ya ukumbini yalikuwa ya ukumbini, na nyumbani mzee atabaki mzee.

Tulipokaribia nyumba Komeo aliharakisha, akatupita wote wawili. Mazoea. Akaufungua mlango wetu, akasogea pembeni, akausimamia kwa mkono mmoja, mgongo umenyooka, koti limefungwa vifungo vyote. Akamngoja binti yake apite.

Chiriku akafika, akasimama. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Tangulia wewe, baba," alisema.

Komeo hakutangulia. Nadhani hakuweza. Alibaki ameushika mlango, na binti naye hakuingia, anamngoja. Wakasimama pale juani, mlango wazi, nzi wanaingia bure bila kuulizwa majina.

"Kama hamwingii nipisheni," nikasema, "miguu inaniuma." Nikapita katikati yao, nikaenda kupika. Nyuma yangu nikasikia mlango unafungwa taratibu, na Chiriku kaanza kuongea: kwanza alimgombeza, halafu akalia, halafu akamgombeza tena, halafu akaingia kwenye habari za maabara na mwalimu mmoja mwenye kigugumizi. Hakunyamaza mpaka jioni.